Mwanamke Aliyekuja Kudai Maneno Yake

Kuna mwanamke alikuja kazini kwangu asubuhi moja, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha wauguzi. Nilipomuuliza shida yake, akaniambia amekuja kuchukua maneno yake.

Siyo dawa. Siyo cheti. Maneno.

Nikadhani sijasikia vizuri. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, miguu imevimba, kichwa kinagonga upande mmoja, na kitu pekee nilichokitaka duniani ni kitanda changu.

"Maneno gani, dada?"

"Yale niliyokupa wewe."

Ndipo nikamkumbuka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili twende sawa.

Mimi ni muuguzi. Wodi yangu ni ya wanawake: waliojifungua, wanaosubiri kujifungua, na wale ambao mimba zao zimetoka. Hao wa mwisho, wengine mimba zimetoka zenyewe, wengine wamezitoa. Hatuulizi sana. Anayevuja damu anatibiwa kwanza, maswali baadaye, na mara nyingi hayo ya baadaye hatuyafikii, maana kuna mwingine anaingizwa mlangoni ameshikiliwa na wifi yake.

Kazi ile inachosha. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule unaoamka nao.

Daktari wa wodi yetu tunamwita Prof. Si profesa, ila hawezi kukwambia mvua inanyesha bila kukupa asilimia. Mtu mwema, lakini akiking'ang'ania kitu hakiachii. Yeye ndiye aliyeshtuka kwa jambo ambalo sisi wengine tulishalizoea: wanawake wengi tuliowatibu baada ya mimba kutoka walikuwa wanarudi makwao bila njia yoyote ya uzazi wa mpango. Hata wale walioomba wenyewe. Miezi inapita, tunawaona tena, wamelowa damu vile vile.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Sijui, Prof."

"Basi tuwaulize."

Tukawauliza. Yaani mimi ndiye niliyewauliza, yeye akihangaika na vibali vya kamati ya maadili. Nikimaliza zamu navua sare, nachukua simu ya kurekodia, natafuta kona tulivu chini ya ngazi za nyuma, nakaa na mtu ananisimulia. Wengine walilia. Wengine walicheka, na hao ndio walioniumiza zaidi.

Ikatimia miezi mingi hivyo.

Halafu likatoka tangazo la kongamano. Kongamano kubwa, la watu wanaohudumia wanawake kwenye mambo ya kutoa mimba na uzazi wa mpango, wanakutana kutoka nchi nyingi. Ukitaka kuzungumza pale unatuma muhtasari wa utafiti wako, maneno mia tatu, lisizidi hata moja. Wakiukubali, unakwenda.

Prof akaniambia, "Tukipita, atakayesimama mbele ni wewe. Wewe ndiye uliyekaa nao."

Sijawahi kupanda ndege maishani mwangu.

Nikamwambia mume wangu, fundi wa friji, mtu asiye na maneno mengi. Yeye akamwambia mama yake. Mama mkwe akawaambia majirani. Kufumba na kufumbua, muuza duka akawa ananiita Msafiri.

Jioni moja mama mkwe akanifuata jikoni, akavuta kigoda, akaanza kunisaidia kuchambua mboga.

"Hivi hilo kongamano ni la nini, mwanangu?"

"La afya ya akina mama, mama."

"Afya ipi?"

Nikaangalia sufuria. "Uzazi wa mpango. Na kutoa mimba."

Majani mawili, matatu yakaingia kwenye ungo.

"Najua," akasema. "Mumeo aliniambia. Majirani nimewaambia ni la chanjo. Wewe ukifika huko sema unachokwenda kusema."

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa baraka au ilikuwa nini. Niliichukua kama baraka.

Sasa, muhtasari wetu ulikuwa na sentensi moja iliyobeba kila kitu. Ilitoka kwa fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu, niliyemhoji muda mfupi baada ya kutibiwa. Prof aliiandika hivi: "Niliondoka bila njia ya uzazi wa mpango kwa sababu sikuweza kuvumilia vilio vya watoto wa wenzangu."

Ungeiona wodi yetu ungeelewa. Hatuna chumba cha peke yao. Aliyepoteza mimba analala kitanda kimoja, cha pili yake yuko mwenzake na kichanga kinachonyonya. Kwa hiyo Prof akajenga hoja yote hapo: huzuni ndiyo inayowakimbiza, wanaondoka haraka, hawasubiri huduma.

Kila aliyesomewa sentensi ile aliguswa. Hata mimi.

Kamati ya maadili ilikuwa na sharti moja. Kabla hatujatuma kitu, tuwaite waliohojiwa tuwasomee tunachokwenda kukisema kwa niaba yao. Wakaja wachache. Tukakaa kwenye ukumbi wa chanjo, viti vya plastiki, Prof akasoma. Hakuna aliyeuliza swali. Watu wakamaliza soda zao, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Yule mwanamke wa kwenye benchi alikuwa ndiye fundi cherehani.

Kola yake ilikuwa bado imechomekwa pini za kushonea, inaonekana aliacha kazi mezani akaja. Jana yake ukumbini alikaa nyuma kabisa, sikumtazama vizuri. Sasa aliposimama nikaona gauni limeinuka mbele.

Mjamzito. Na si wa juzi.

"Mume wako amejua kuhusu ile mimba iliyotoka?" nikamuuliza kwa sauti ya chini. Ndilo la kwanza lililonijia.

"Mume wangu yuko kazini mbali, na anajua. Siyo hilo."

"Unaogopa watu watakutambua? Jina lako halipo popote, nakuhakikishia."

"Nesi, nisikilize basi."

Nikamvuta tukakaa kwenye benchi.

"Ile mimba niliitoa," akasema. "Nilimeza dawa, damu ikazidi, nikaja hapa mkanitibu. Hilo nilikwambia na silirudishi. Liandikeni. Lakini kwamba niliwakimbia watoto wanaolia, hilo sikusema."

"Ulisema, dada. Nakumbuka kabisa. Ulisema, 'Watoto walikuwa wanalia, nikaondoka.'"

"Watoto wangu."

Nikamtazama.

"Watoto wangu mimi, nyumbani. Jirani alinipigia simu kwamba wanalia, hawajala, na yeye anataka kutoka. Wa hapa nao walikuwa wanalia, kwani kichanga kina kazi gani nyingine? Yule wa kitanda cha pili nilimbeba mimi, mama yake alipokwenda kuoga. Nilimbembeleza mpaka akalala."

Nilikaa na yule mwanamke chini ya ngazi, uso kwa uso. Nikasikia "watoto", na sikuuliza watoto gani. Swali la maneno mawili. Nilikuwa nimechoka mbaya, nikajijazia mwenyewe. Prof naye akalichukua nililojaza, akalipamba.

Fundi akaweka mkono tumboni.

"Huyu aliingia muda mfupi baada ya kutoka hapa. Sikumpanga. Lakini sasa nimemkubali, nakaa naye hivi siku nzima kwenye mashine, tumezoeana. Mkiyapeleka yale maneno huko, yakawekwa kwenye mitandao, siku moja akasoma kwamba mama yake alikuwa hawezi hata kusikia mtoto akilia?"

Nilitaka kumwambia, "Hawezi kujua ni wewe." Nikaona nitakuwa nasema ujinga.

"Samahani," nikasema. Kisha nikamuuliza upya, safari hii taratibu. "Kwa nini uliondoka bila njia?"

"Nilitaka kijiti, kile cha mkononi. Niliomba. Mwenzako akaniambia kabati limefungwa, mwenye ufunguo ameshakwenda nyumbani, nirudi kesho. Kesho nilikuwa na sare za shule za kushona. Na kesho kutwa. Basi."

Basi. Ndiyo hivyo tu.

Nikamsindikiza mpaka getini, halafu badala ya kwenda nyumbani nikageuza kwenda kwa Prof.

Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza, akavuta kiti akakaa.

"Ni haki yake," akasema. "Lakini tukiitoa sentensi ile tumebaki na nini?"

"Hatujabaki na kitu."

"Siku za kutuma zinaisha." Akakuna kidevu. "Tunaweza kubadilisha kidogo. Tusiseme fundi, tuseme muuza matunda. Watoto wanne badala ya watatu. Nani atajua?"

Nisijifanye mtakatifu, niliwaza. Niliwaza dirisha la ndege, niliwaza muuza duka na Msafiri wake. Mtu ukiwa umechoka, jambo rahisi linapendeza kuliko kawaida.

"Atajua yeye," nikasema. "Na si kwamba anajificha, Prof. Hakusema vile. Tutakuwa tunasimama mbele ya watu kusema kitu ambacho hakuna aliyekisema."

Nikamweleza habari ya mtoto aliye tumboni.

Prof akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Nilidhani namsaidia," akasema. "Nilidhani nimeifanya iwe nzuri zaidi."

"Ilikuwa nzuri. Tatizo haikuwa yake."

Jumamosi ile hatukupumzika. Tulijifungia ofisini kwake, tukasikiliza mahojiano upya, moja baada ya jingine, kila mmoja na spika yake sikioni. Na kila tulikopita, kitu kile kile kinatutazama. "Niliambiwa nirudi kesho." "Dada wa dawa alikuwa ameshatoka." "Walisema ufunguo haupo."

Yote tulishayasikia. Tuliyaruka kwa sababu hayakuwa na uzito masikioni mwetu. Sisi tulikuwa tunawinda kilio.

Hili la ufunguo nikufafanulie. Vidonge, sindano, vijiti, vyote vinakaa kwenye kabati katika chumba cha uzazi wa mpango, upande wa pili wa uwanja. Mwenye chumba ni dada mmoja tunamwita Saa Tisa, kwa kuwa ikifika saa tisa alasiri ameshabeba mkoba. Na ndani ya mkoba ndimo ulimo ufunguo. Madaktari wetu wao humaliza kuandika ruhusa za wagonjwa baada ya hapo. Kwa hiyo mwanamke anaruhusiwa kwenda nyumbani wakati ufunguo umeshakwenda kabla yake.

Nilimfuata Saa Tisa nimwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu.

"Mmenitaja?" akauliza.

"Hatujamtaja mtu."

"Mama yangu amepooza. Anayemwangalia anaondoka saa kumi. Nikichelewa hakuna wa kumgeuza kitandani."

"Najua, shoga yangu."

"Na ufunguo sikuuomba. Dawa zilipotea mara moja, Matroni akasema ukae na mtu mmoja tu. Mtu huyo nikawa mimi. Nimeomba waupokee, mpaka nimenyamaza."

Basi tukaandika muhtasari mpya. Maneno mia tatu kuhusu ufunguo.

"Yaani nisimame mbele ya dunia nzima nizungumzie ufunguo?" Prof akanung'unika.

"Atakayesimama ni mimi."

Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Maneno ya fundi tuliyaweka kama alivyoyasema, baada ya kumpigia simu na kumsomea neno kwa neno. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake. "Hapo sawa," akasema, akakata.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa Matroni, mkuu wa wauguzi wote. Bila saini yake hakuna kinachotoka na jina la hospitali.

Matroni ni mwanamke mfupi, mnyoofu, anayevaa viatu vyeupe visivyojua vumbi. Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hii itasomwa na nani?"

"Na watu wa nchi nyingi, Matroni," Prof akajibu.

"Kwamba hospitali yangu wanawake wanakosa huduma kwa sababu ya ufunguo ulio kwenye mkoba."

Akagonga kidole juu ya neno lile.

"Andikeni 'changamoto za upatikanaji wa vifaa nje ya muda wa kawaida wa kazi'."

Prof akakohoa. "Maneno hayatoshi, Matroni. Mwisho mia tatu. Ufunguo ni neno moja."

Matroni akamtazama Prof juu ya karatasi. Nilijua tumekwisha. Kisha akavuta kalamu, akasaini, akaturudishia karatasi.

Tukatuma.

Na kabla wiki haijaisha, nikiwa zamu ya mchana, nikawaona mafundi wawili wanaingia wodini wamebeba kabati. Lile lile. Wakaliegemeza ukutani karibu na meza yetu. Nyuma yao Matroni, na ufunguo mkononi.

"Utakuwa unakabidhiwa kila zamu," akasema. "Anayepokea anahakiki dawa, anasaini. Nisisikie tena mtu ameambiwa kesho."

Saa Tisa alipoupata mkoba wake bila ufunguo, aliniambia usiku ule alilala kama mtoto.

Jibu la kongamano lilikuja baadaye sana. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, simu ikatetema. Mstari wa kwanza tu ulinitosha: "Tunasikitika kukujulisha."

Chini yake kulikuwa na maoni ya aliyeupima muhtasari wetu. Alisema tatizo hili ni la kiutawala, lingeweza kumalizwa pale pale kituoni, halina jipya.

Nikamwonyesha Prof. Akasoma, akanirudishia simu.

"Hajakosea sana," akasema.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Wamenitolea nje." Alikuwa na friji la watu amelilaza sakafuni, bisibisi mkononi. Akaiweka chini.

"Basi utapata kulala," akasema.

Nilijua hana lengo la kuniumiza. Nikaenda chumbani nikalia kidogo hata hivyo. Si kwa ajili ya ndege peke yake. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeubeba mzigo ule muda mrefu, na sasa nimeambiwa niutue, na hakuna aliyeutazama.

Mama mkwe akabisha mlango. "Majirani nitawaambia chanjo imeahirishwa," akasema, akaniachia chai.

Kuna kitu hatukukifanya, mimi na Prof. Hatukumwambia Matroni kwamba tumekataliwa. Hakuuliza, nasi hatukusema. Prof alihofia Matroni akijua hakuna anayetutazama, kabati litarudi kule kule.

Fundi alijifungua wodini kwetu, mtoto wa kike mwenye kelele kuliko wote. Akaondoka jioni, kijiti kikiwa tayari mkononi. Mimi ndiye niliyemwekea. Sikumwambia mengi. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na wagonjwa wengine watatu wananisubiri.

Mwaka ukapita.

Siku moja Matroni akatuita wote wawili ofisini. Juu ya meza yake kulikuwa na tangazo la kongamano jipya, na karatasi iliyojaa mwandiko wake.

"Mwaka jana ninyi mlipeleka tatizo," akasema. "Mwaka huu mimi nataka kupeleka suluhisho. Tangu kabati lihamie wodini mambo yamebadilika, hata kipofu anaona. Nifundisheni mlivyofanya ninyi mpaka mkakubaliwa."

Prof akatazama dirishani. Nikaona aibu hii ni yangu kuibeba.

"Matroni," nikasema, "hatukukubaliwa."

"Vipi?"

"Walitukataa. Walisema halina jipya."

Akaiweka kalamu mezani. Nikahesabu kazi yangu imekwisha.

"Kwa hiyo hakuna mtu huko nje aliyewahi kusikia habari za ufunguo wangu?"

"Hakuna, Matroni."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na mimi nilikosa usingizi wiki nzima." Akajiegemeza kwenye kiti. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kimya kimya, machozi yanamtoka. "Mkanihamishisha kabati kwa kunitisha bure."

"Si bure," Prof akadakia. "Kati ya wanaoomba njia, wanaoondoka nayo sasa ni asilimia—"

"Nyamaza," akasema Matroni, akifuta macho. "Vuteni viti."

Tukavuta viti. Nikasoma alichoandika. Kilianza hivi: "Uongozi wa hospitali uligundua kwamba..."

"Matroni," nikasema, "nani aligundua?"

Akanitazama. Nikayateremsha macho, lakini sikulifuta swali.

Akachukua kalamu, akakata mstari mzima. Juu yake akaandika: "Mgonjwa alituambia."

Tumeutuma. Jibu bado halijatoka, na sina presha nalo. Kesho nina zamu ya asubuhi, na kabla sijavaa glavu nitapokea kabati, nitahakiki, nitasaini.

Nililojifunza ni dogo. Mtu akikupa habari ya maisha yake, usikimbilie kuipamba. Muulize tena, hata kama umechoka, hata kama unadhani umeshaelewa. Alichokwambia kinaweza kuwa cha kawaida kabisa, hakimlizi mtu. Kiandike hivyo hivyo.